Maswali ya Wasomaji: Kwani Kocha wa Hoki ya Chuo Anaanzia Wapi?

Toleo lililopita niliandika robo ukurasa tu kuhusu mzee Jerry York, yule kocha wa hoki ya barafu wa Boston College aliyestaafu 2022 akiwa na ushindi 1,123, idadi ambayo hakuna kocha mwingine wa hoki ya vyuo Marekani aliyewahi kuifikia, nikadhani nimemaliza. Wapi! Meseji zimemiminika kutoka kila kona mpaka mhariri kaniambia bwana we chukua ukurasa mzima uwajibu watu. Mimi si mtaalamu wa kusomea, nijulikane hivyo mapema. Ila nilipofika huku New England, kaskazini mashariki mwa Marekani, kazi yangu ya kwanza ilikuwa usafi wa usiku kwenye uwanja wa barafu wa chuo kimoja, miaka mitatu, kwa hiyo mengine haya nimeyaona kwa macho nikiwa nimeshika dekio. Haya, twende.


Kaka, hivi kweli chuo kinamlipa mtu mshahara kwa kufundisha wanafunzi mchezo? Huku kwetu kocha wa chuo ni mhadhiri anayependa mpira, anapewa jezi na soda. Au hao makocha wana kazi nyingine pembeni?
— Msomaji wa Morogoro

Wanalipwa ndugu yangu, na kwenye vyuo vikubwa vya hoki kocha mkuu anamzidi profesa mbali sana. Michezo ya vyuo kule iko chini ya chombo kinaitwa NCAA, na hoki ya wanaume daraja la kwanza ina timu sitini na kitu tu nchi nzima, sio mia tatu na ushee kama kikapu, ndio maana nafasi za ukocha mkuu zinahesabika na mtu akishakalia kiti hatoki kirahisi. Msimu unaanza Oktoba, mechi 34 kabla ya mtoano, nyingi Ijumaa na Jumamosi usiku, halafu timu 16 zinaingia mtoano wa taifa, zinachujana hadi zinabaki nne, hizo nne ndio wanaziita Frozen Four, mwezi wa nne hapo bingwa anapatikana.

Lakini swali lako la kazi ya pembeni limenigusa, maana yupo mmoja aliyeanza hivyo hivyo. Mwaka 1994 chuo cha Quinnipiac, kiko Hamden, Connecticut, kilimpa timu kijana anaitwa Rand Pecknold kwa mshahara wa dola 6,700. Kwa mwaka, si kwa mwezi! Timu yenyewe ilikuwa daraja la pili, uwanja hawana, wanakodi, na ukiwa mpangaji mnyonge unapewa saa ambazo watoto wa wenzio wameshalala, kwa hiyo mazoezi yalikuwa yanaanza saa sita usiku. Na kukicha jamaa anaenda kufundisha historia sekondari kwa sababu dola 6,700 haifiki hata kodi ya nyumba. Huo ndio msoto ninaouelewa mimi, maana saa hizo hizo ndio nilikuwa nadeki vyumba vya kubadilishia nguo, na nakwambia baridi ya uwanja wa barafu saa saba usiku inaingia kwenye magoti haitoki mpaka kesho yake mchana.

Mwaka 1998 timu ikapanda daraja la kwanza, 2007 wakafungua uwanja wao, jamaa bado yupo. 2013 wakafika fainali ya taifa, wakakutana na nani? Yale, majirani zao kabisa, mwendo mfupi tu wa gari, timu ambayo msimu huo huo walikuwa wameshaifunga mara 3. Wakapigwa 4–0. 2016 fainali tena, North Dakota wakawapiga 5–1. Mtu mwingine angesema nina mkosi, yeye akaendelea tu, mpaka Aprili 2023 pale Tampa wanacheza na Minnesota, chuo kikubwa chenye historia ya kutisha, wako nyuma 2–0, wakarudisha moja, zimebaki dakika chini ya 3 Pecknold akamtoa kipa wake, akamwingiza mshambuliaji wa sita, goli liko wazi kama mlango wa sokoni, wakasawazisha. Muda wa nyongeza ukaanza, na kule goli la kwanza ndio mwisho wa mchezo, Jacob Quillan kafunga ndani ya sekunde 10. Sekunde kumi! Kuna watu walikuwa bado wanatoka kununua bia. Kutoka 1994 hadi 2023 ni miaka 29 kwenye chuo kimoja. Kwa hiyo kaka, soda na jezi ya mhadhiri wako wa Morogoro usiidharau sana.


Assalaam alaykum. Hii namba ya York, 1,123, mie siiamini. Kocha mmoja atashindaje mechi elfu? Au alikuwa anacheza na timu za watoto?
— Bin Juma, Zanzibar

Wa alaykum salaam Bin Juma, una haki ya kushangaa, ila gawanya mwenyewe: York alikuwa kocha mkuu misimu 50, kuanzia 1972 hadi 2022, ukigawanya ni kama ushindi 22 kwa msimu, kwenye mechi 35 hadi 40 hivi. Siri kubwa ni kuanza mapema na kutotoka. Alikabidhiwa timu ya Clarkson, kaskazini kabisa mwa jimbo la New York, akiwa hajafika hata miaka 30, kabla ya hapo alikuwa msaidizi hapo hapo. 1979 akahamia Bowling Green, Ohio, kurithi kiti cha Ron Mason aliyekwenda Michigan State, na huyu Mason ndiye baadaye akaweka rekodi ya ushindi 924, na Desemba 2012 aliyekuja kuivunja ni nani? Huyo huyo aliyemwachia kiti. Mambo ya dunia haya.

Ukitaka kuona kazi yenyewe ilivyo, angalia fainali ya 1984 pale Lake Placid, Bowling Green na Minnesota Duluth. Vijana wa York wako nyuma 4–2 kipindi cha mwisho, wakapata moja, halafu zikiwa zimebaki dakika kama mbili wakatupa paki (kile kisahani cheusi cha mpira) huko nyuma ya goli, kipa wa Duluth akatoka kwenda kulidaka kama kawaida yao, paki likagonga ubao mahali pabaya likakataa kwenda kwake, likarudi mbele ya goli tupu, John Samanski huyo, 4–4. Wakaingia muda wa nyongeza, ukaisha, wa pili, ukaisha, wa tatu, ukaisha, wa nne ndio Gino Cavallini akafunga. Hapo kocha unaweza kujisifu mbinu mpaka asubuhi lakini ubao nao ulikuwa na mkono wake.

Halafu watu wanasahau kwamba 1994 aliporudi Boston College, chuo alichosoma na kuchezea mwenyewe, misimu mitatu ya kwanza alifungwa mechi nyingi kuliko alizoshinda. Ingekuwa timu zetu zile mbili za Kariakoo angefukuzwa Novemba. Wakamvumilia. 1998 akafika fainali akafungwa na Michigan muda wa nyongeza, 2000 akafungwa na North Dakota, 2001 akakutana na North Dakota hao hao, muda wa nyongeza tena, safari hii Krys Kolanos akamaliza kazi, taji. 2006 fainali kafungwa, 2007 fainali kafungwa, 2008 taji, 2010 taji, 2012 taji. Ukijumlisha na lile la Bowling Green ni mataji 5. Mimi kinachonivutia sio hayo matano, ni zile fainali nne alizopoteza, kwa sababu kila mara alirudi na kikosi kingine kabisa, watoto wa chuo wanakaa miaka minne wanaondoka, wengine hata hawamalizi wanachukuliwa na timu za kulipwa, kocha kila Septemba anaanza kupika upya na viungo tofauti.

Na usisahau alikuwa anafanya haya Boston, ambako kuna Boston University, watani wa jadi, na kule alikuwepo Jack Parker, kocha miaka 40 chuo kimoja, 1973 hadi 2013, ushindi 897. Jumatatu mbili za mwanzo wa Februari wanacheza kombe linaitwa Beanpot, BC, BU, Harvard na Northeastern, limeanza 1952, taji la taifa ni taji la taifa lakini ukipoteza Beanpot mtaani hupiti. Hilo wewe mtu wa Zanzibar unalielewa vizuri, Mapinduzi Cup ikikaribia si mnakuwa hamsalimiani.


Mimi niko mama wa watoto wanne, tulitoka Bukavu, sasa tuko Portland, Maine. Mtoto wangu wa tatu ana miaka 11 na anapenda hii mchezo ya barafu kuliko chakula. Kocha wake alisema siku moja chuo kinaweza kumuona. Niko nauliza, kocha wa chuo anamuonaje mtoto? Na tutalipa nini?
— Mama wa Portland

Mama, shikamoo na hongera, maana najua gharama ya vile viatu na magongo, kila mwaka mguu umekua.

Kwanza usiwe na haraka, hii hoki ina tabia moja ambayo michezo mingine haina: watoto wengi hawaendi chuo wakiwa na miaka 18. Wakimaliza sekondari wanakwenda kwanza kucheza ligi za vijana mwaka mmoja au miwili, kubwa ya Marekani inaitwa USHL, wanaingia chuo na miaka 19 au 20, ndevu zimeshaota. Kwa hiyo kocha wa chuo na wasaidizi wake maisha yao ni barabarani, Jumatano wako kwenye uwanja wa kijiji fulani Iowa, Alhamisi wamerudi kwa ajili ya mazoezi, Ijumaa wana mechi. Kwenye ule uwanja wangu kulikuwa na kocha msaidizi mmoja, kijana mpole sana, mara nyingi nikiingia ofisini kwake saa tisa usiku kumwaga taka namkuta amelala kwenye kiti koti mwilini, kompyuta mbele inaendelea kuonyesha mechi ya vijana, mtoto huyo huyo anarudiwa, anakimbilia kona, anageuka, anakimbilia kona, anageuka. Siku moja akaamka akaniuliza, wewe ungemchukua huyu? Nikamwambia mimi naona anaogopa kugongwa. Akacheka, akaandika kitu kwenye karatasi. Mpaka leo najiuliza kama nilimharibia mtoto wa watu riziki.

Kisheria kocha haruhusiwi kumwandikia au kumpigia mtoto wa miaka 11 mama, akikutafuta mtu sasa hivi na ahadi za chuo, huyo ni dalali, mkimbie. Mawasiliano yanafunguliwa Januari ya darasa la kumi, na ahadi ya mdomo inaruhusiwa kuanzia Agosti 1 kabla ya darasa la kumi na moja. Upande wa pesa, daraja la kwanza kuna skolashipu, zamani kila timu ilikuwa na 18 tu wanazigawanyagawanya, mmoja nusu, mwingine robo, sasa kuanzia msimu wa 2025 vyuo vilivyokubali utaratibu mpya vinaruhusiwa kuwalipia wachezaji wote 26 kama vina uwezo huo. Yale na Harvard na wenzao wa ile ligi ya vyuo inayoitwa Ivy hawatoi skolashipu ya michezo kabisa, wanaangalia hali ya familia, na kwa familia ya kipato kidogo hiyo inaweza kuwa nzuri kuliko hata ya michezo. Daraja la tatu nao hawatoi ya michezo.

Ila nikuambie na upande mchungu. Kuanzia Agosti 1, 2025 NCAA imefungulia mlango vijana wa ligi kubwa za vijana za Kanada, zamani walihesabika kama wa kulipwa kwa sababu ya posho wanayopewa, sasa wanaingia vyuoni. Nafasi ni zile zile, watoto wameongezeka. Kwa hiyo shule iwe mbele, barafu nyuma.

Na kwa kuwa uko Maine, mwambie mwanao kwamba jimbo lake lina hadithi kubwa kuliko majimbo mengi tajiri. University of Maine, kule Orono, 1993, kocha Shawn Walsh, msimu mzima walishinda mechi 42, wakafungwa 1, sare 2. Fainali wako nyuma 4–2 wanaingia kipindi cha tatu, nahodha wao Jim Montgomery akafunga matatu peke yake, 5–4. Huyo Walsh baadaye alisimamishwa mwaka mzima kwa makosa ya kanuni, akarudi, akachukua taji la pili 1999, na Septemba 2001 saratani ya figo ikamchukua akiwa na miaka 46. Watu wa Maine hawajamsahau, ukitaja jina lake dukani utapata mazungumzo.


Niaje kaka. Mimi nafunza watoto hoki ya rola, ile ya viatu vya magurudumu, hapa Nairobi na nimecheza ile barafu ya Panari miaka kadhaa. Naskia Kenya sasa iko kwa shirikisho la dunia. Naweza kuwa head coach wa chuo huko majuu ama niachane na hiyo ndoto?
— Kocha wa Rola, Nairobi

Poa sana kocha. Ni kweli, Kenya ilikubaliwa kwenye shirikisho la hoki ya barafu la dunia mwaka 2024, na ile timu yenu ya Ice Lions ilishatajika zamani, 2018 walipelekwa Kanada wakacheza pamoja na mastaa wa kulipwa Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, dunia nzima ikaona. Na yote yameanzia ule uwanja mdogo wa ndani ya hoteli, Mombasa Road, uliofunguliwa 2005. Kwa hiyo kwamba unatoka Nairobi sio kikwazo cha kwanza.

Kikwazo cha kwanza ni kwamba hii kazi inaenda kama ukoo. Ebu fuatilia huu mstari. Shawn Walsh niliyemwambia mama hapo juu alikuwa msaidizi wa Ron Mason, na tena mkwewe, alioa binti yake. Jim Montgomery aliyefunga yale matatu alikuwa nahodha wa Walsh, akaja kuwa kocha mkuu wa Denver, akabeba taji 2017, akaondoka 2018 kwenda kufundisha Dallas Stars kwenye ligi ya kulipwa ya NHL. Kiti cha Denver akapewa nani? Msaidizi wake, David Carle, miaka 28. Hata Boston College York alipostaafu walimpa Greg Brown, msaidizi wake wa zamani. Hakuna tangazo la kazi linalobandikwa ubaoni halafu mtu wa nje anapeleka sivii yake akapata. Unaingia kwa kumtumikia mtu.

Lakini huyo Carle ndiye nataka umshike, maana hakuwahi kucheza chuo hata mechi moja. Alizaliwa Anchorage, Alaska, beki mzuri, kaka yake Matt alikuwa ameshakuwa mchezaji bora wa vyuo nchi nzima 2006. Mwaka 2008 vijana wanapimwa afya kabla ya kuchaguliwa na timu za NHL, madaktari wakakuta misuli ya moyo wake imenenepa, ugonjwa unaoweza kumwangusha mtu akiwa uwanjani. Mpira ukaishia hapo, ana miaka 18. Tampa Bay wakamchagua hivyo hivyo, namba 203, karibu na mwisho kabisa wa orodha, wakijua fika hatawachezea hata dakika moja, ili tu kijana asikie jina lake likitajwa. Na Denver waliokuwa wamemwahidi skolashipu hawakuifuta, wakamwambia njoo usome, utasaidia kwenye benchi la ufundi. Akaanza hapo, mwanafunzi anayesaidia mazoezi na video, akamaliza, akaenda Green Bay kuwa msaidizi kwenye ligi ya vijana, akarudi Denver 2014 msaidizi, 2018 mkuu. 2022 taji, kwenye fainali walikuwa nyuma 1–0 wakafunga matano kipindi cha mwisho. 2024 taji tena, wakawafunga Boston College 2–0, na hilo lilikuwa la kumi kwa chuo hicho, hakuna chuo kingine kilichofika hapo. Katikati ya hayo akaipa timu ya vijana ya Marekani ubingwa wa dunia 2024 na 2025 mfululizo.

Kwa hiyo kwako kocha, ukweli bila sukari: kufika kuwa kocha mkuu wa daraja la kwanza kutoka rola ya Nairobi, mimi sijaona wa kwanza. Ila kuingia kwenye ukoo kunawezekana, na mlango ni kusoma chuo chenye timu, hata daraja la tatu, ukaenda kwa kocha ukasema naomba nikate video, nibebe magongo, nihesabu nani alishinda mpira wa kuanzia. Jifunze kukata video sasa hivi ukiwa hapo Nairobi, haihitaji barafu. Na hiyo rola usiiache, watoto wanaojua kugeuka kwenye lami wanajifunza barafu haraka.


Kuna kocha mweusi amewahi kufundisha huu mchezo chuoni? Maana kila picha naona wazee weupe wenye suti.
— Mdau, Mwanza

Umeona sawa, ni wachache mno. Ila yupo wa zamani kuliko unavyodhani: Ed Wright, aliyekuwa mchezaji wa Boston University, alipewa timu ya University at Buffalo 1970 na akaifundisha miaka yote ya sabini. Upande wa wanawake, 2019 chuo cha Arcadia kule Pennsylvania kilimpa Kelsey Koelzer kazi ya kuanzisha timu kutoka sifuri, yeye alitokea Princeton. Kati ya hawa wawili ukihesabu makocha wakuu weusi hata vidole vya mikono havijai, na mchezo wenyewe unajua, kila mwaka wanakaa vikao kulizungumza.


Kwa nini kocha akishashinda chuoni haendi NHL kwenye mahela? Na siku ya mechi anafanya nini pale nyuma ya benchi, mbona naona anatafuna bigijii tu?
— Shabiki wa Doha

Wengine wanaenda. Montgomery kaenda, Dave Hakstol wa North Dakota alikwenda Philadelphia 2015. Wa zamani kuna Herb Brooks, mataji matatu na Minnesota, 1974, 1976 na 1979, halafu 1980 ndiye aliyekuwa na wale vijana wa vyuo waliowafunga Wasovieti 4–3 kwenye Olimpiki, akaja kufundisha NHL. Bob Johnson wa Wisconsin naye alikuwa na mataji matatu ya chuo, akaenda Pittsburgh akabeba kombe la NHL 1991, mwaka huo huo Novemba akafariki. Ila kule juu ukifungwa mechi kumi unafukuzwa, chuoni unaweza kukaa miaka thelathini kama Red Berenson wa Michigan, 1984 hadi 2017. Mtu mwenye watoto wadogo na nyumba amejenga, anapiga hesabu zake.

Na hiyo bigijii isikudanganye. Wachezaji watano na kipa wako ndani, kila baada ya kama sekunde 45 wanatoka wanaingia wengine huku mchezo unaendelea, hakuna kumsubiri refa. Kocha anatakiwa ajue nani amechoka, nani kaingia kwa mpinzani, amwite nani. Timu ya nyumbani inapewa haki ya kubadilisha ya mwisho mchezo ukisimama, yaani mgeni anaweka watu wake kwanza, wewe ukishawaona ndio unaweka wako, unamtuma beki wako bora amkabe straika wao hatari. Ugenini haki hiyo huna, inabidi ufiche. Ni bao la kete lile, tena mkono wa haraka.

Wiki nzima amewaandaa kwa hilo na muda hana, NCAA inamruhusu saa 20 tu kwa wiki na wachezaji, siku moja lazima wapumzike. Vijana wana mitihani. Kocha mkuu wa pale kwenye uwanja wangu alikuwa na karatasi imebandikwa nyuma ya mlango wa ofisi, upande mmoja ratiba ya mechi, upande wa pili ratiba ya mitihani ya kila mchezaji, kwa kalamu nyekundu. Ile ya mitihani ndiyo ilikuwa imechakaa.


Anko, kocha anavaaga viatu vya kuteleza siku ya mechi?
— Mwanafunzi wa darasa la tano, Arusha

Hapana mwanangu. Mazoezini anavaa, anateleza na filimbi yake. Siku ya mechi anavaa suti na viatu vya kawaida vya ngozi, anakaa nyuma ya benchi. Shida inakuja timu yake ikichukua kombe, inabidi atoke aende katikati ya uwanja kupiga picha, na barafu haijui kwamba wewe ni bingwa. Utamwona mzee mzima kaningʼinia begani kwa mchezaji wake, anapiga hatua fupi fupi, miguu imepanuka kama mtu anayevuka tope la mvua ya masika, anacheka huku anaangalia chini.